Gari la Luano lenye injini ya trakta

Niliahidi kuandika juu ya mwaka 1960 hapa kwetu Lubumbashi. Nilianza na Tshombe, nikaona wengi wenu mmeshamsoma mpaka mmechoka. Basi naandika juu ya gari.

Liko Luano, upande wa uwanja wa ndege, nyuma ya nyumba ya baba mukubwa, chini ya bashi. Ni Triumph TR3A ya mwaka 1958, gari la michezo la viti viwili, la kufunua juu, lililotengenezwa Coventry, Uingereza. Mwezi uliopita alikuja mtu kutaka kulinunua kwa dola, na falanga ile ingemaliza deni la masomo ya mdogo wangu wa kike. Anataka kitu kimoja tu: karatasi. Na shida yetu iko hapo hapo kwenye karatasi.

Historia ya nyumbani inasema hivi. Nkambo wetu alikuwa dereva wa Mbelgiji mmoja pale Elisabethville. Tarehe 5 Julai 1960 askari wa Force Publique waliasi upande wa Léopoldville na Thysville. Tarehe 9 uasi ukafika huku, na Wazungu wengi wakakimbilia Rhodesia ya Kaskazini kwa magari. Tarehe 11 Tshombe akatangaza Katanga imejitenga. Yule bwana alipakia familia kwenye gari kubwa, maana hili dogo halibebi hata masanduku mawili ya maana. Akamwachia nkambo ufunguo na barua, na hakurudi tena. Nyumbani wote, tangu mimi mtoto, tunasema: "Alitupatia."

Mimi nimesoma historia UNILU, na pale tulifundishwa kwamba karatasi na mdomo vinapopishana, usikimbilie kuamini kimoja. Nikaomba barua. Ni mistari minne ya Kifaransa, na neno lililopo ni "confie". Yaani anakabidhi, anaweka mikononi. Hajaandika kwamba anatoa.

Nilinyamaza siku mbili. Halafu nikaanza kulisoma gari lenyewe.

Cha kwanza ni kipande kidogo cha plastiki nyeusi, kile kinachozunguka ndani ya delko na kugawa moto kwa buji nne. Ukikitoa, gari haliwaki hata ukisukumwa na kijiji kizima, na mwizi asiyejua atahangaika na betri mpaka asubuhi. Tarehe 5 Desemba 1961 mapigano yalianza kati ya askari wa Umoja wa Mataifa na wa Katanga juu ya kizuizi cha barabarani, barabara hii hii ya kati ya uwanja wa ndege na mji. Watu wenye silaha walikuwa wanachukua magari ya watu. Nkambo alitoa kile kipande, akakificha ndani ya mkebe wa unga, akavua magurudumu yote manne na kuliacha gari limekalia matofali. Lilikaa hivyo mpaka kujitenga kulipokwisha, Januari 1963. Alama za matofali ziko chini ya chuma cha pembeni mpaka leo. Baba mukubwa amekataa kuzinyoosha.

Halafu kuna mambo ya funguo. Gari hili ni la inchi na Kongo ni nchi ya milimita. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, ukiweka ufunguo wa 13 unaingia vizuri kabisa, na hapo ndipo unapokudanganya. Ukivuta kwa nguvu unateleza na kula kona za nati, mwishowe nati inakuwa mviringo kama kidonge. Ile ya 9/16 ni zaidi kidogo ya milimita 14.2, kwa hiyo ufunguo wa 14 haupandi hata kidogo. Funguo za inchi zilitoka ng'ambo ya mpaka, Copperbelt, kwa sababu kule walikuwa na Waingereza. Ukiangalia nati za gari hili utaona wakati ambao familia ilikuwa haina funguo sahihi: zile za nyuma zote zimeliwa. Baba mukubwa anasema ni miaka ya sabini. Mwaka 1973 mpaka wa Zambia na Rhodesia ulifungwa, mwaka 1975 vita ya Angola ikakata reli ya Benguela, na katikati ya hayo, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu akatangaza zairianisation, maduka ya wageni yakapewa watu wengine na mengi yakabaki rafu tupu. Ndiyo miaka ambayo kila mtu alikuwa anataja Article 15, ile sheria isiyoandikwa popote: jipange mwenyewe.

Katika miaka hiyo hiyo injini ilichoka. Ilikuwa inatoa moshi wa buluu na kunywa mafuta ya injini kuliko petroli. Pistoni mpya za Triumph zingetoka wapi?

Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndiyo sehemu ninayoipenda. Kampuni ya Standard ya Coventry, iliyokuwa imeinunua Triumph, ilikuwa inatengeneza pia trakta ndogo ya kijivu ya Harry Ferguson, ile TE20, tangu 1946 mpaka 1956, na zilitoka zaidi ya 500,000. Injini ya trakta, ya gari la familia liitwalo Vanguard, na ya hili la michezo ni za ukoo mmoja. Silinda zake hazikuchongwa moja kwa moja kwenye chuma cha injini. Ni mirija minne ya kuchomeka, maji yanaizunguka kwa nje. Mirija ikilika unaivuta na kuweka mingine, huhitaji mashine ya kuchonga. TR3A ilitoka kiwandani na mirija ya kipenyo cha milimita 83, ujazo sentimita za ujazo 1,991. Trakta za baadaye zilikuwa na 85. Mwendo wa pistoni ni ule ule, milimita 92.

Baba mukubwa, wakati ule kijana wa karakana, alijua hilo kwa sababu aliwahi kufungua trakta. Upande wa barabara ya Kasenga kulikuwa na shamba lenye Ferguson iliyokufa, gia zimevunjika lakini injini nzima. Akanunua mirija na pistoni zake. Piga hesabu: 85 kwa 92 mara nne inakupa 2,088. Gari la Mbelgiji likarudi barabarani na injini kubwa kuliko aliyoiacha. Nilimuuliza kama aliogopa. "Kuogopa nini? Ile injini haijui kama iko mu shamba ao mu avenue."

Kazi ndogo ndogo sitaziorodhesha, ni nyingi. Kabureta mbili za SU zinataka kusafishwa kila kiangazi kwa sababu ya vumbi letu jekundu, na kwa kuwa tuko karibu mita 1,300 juu ya bahari hewa ni nyepesi, basi lazima upunguze petroli kidogo la sivyo buji zinakuwa nyeusi. Bashi la sasa ni la tatu, limeshonwa kwa turubai la lori. Usukani uko kushoto, upande sahihi kwa Kongo. Yaani gari la Uingereza ndilo lina usukani mahali pake, na majirani wote wana magari ya Japani yenye usukani kulia. Hilo huwa linamchekesha sana baba mukubwa.

Lakini breki si jambo la kuchekesha. Miaka michache iliyopita, baba mukubwa akiwa mgonjwa, mimi nililipeleka kwa fundi mmoja mjini. Kijana akaona chombo cha breki kimepungua, akajaza mafuta ya madini, ya aina ya haidroliki. Mimi nilisimama pale pale, nikatazama, sikujua. Mipira ya ndani ya breki hizi inavumilia mafuta ya breki tu. Ikikutana na ya madini inavimba na kulainika. Siku ya nne, nikirudi Luano, breki zilianza kung'ang'ania zenyewe, halafu pedali ikazama mpaka chini. Mbele yangu mama mmoja alikuwa anavuka na beseni kichwani. Nilivuta breki ya mkono, nikakata kuingia majanini. Mama hakuguswa. Aliniangalia tu, akaendelea na safari yake. Mimi nilikaa mle ndani mpaka giza.

Baba mukubwa hakunigombeza. Alisema, "Mutoto, njo vile tunajifunza," akanifanya nifungue mfumo wote kwa mikono yangu: mabomba, silinda kuu, diski za mbele, ngoma za nyuma. Kila mpira ukatupwa. Mabomba tuliyaosha kwa alkoholi ya famasi. Jirani alishauri lutuku. Mzee akakataa, eti ina maji. Mipira mipya ilitoka Ulaya ndani ya sanduku la ndugu.

Kuna kitabu kidogo ambacho kila mtu wa mji huu angepaswa kukijua. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili chetu hiki, historia ya mji wa Elisabethville kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumba za Wazungu. Johannes Fabian alikichapisha mwaka 1990. Ni historia iliyoonekana kutoka jikoni na uani. Nilipokirudia wiki hii nilimfikiria nkambo. Katika barua yule bwana hakuandika hata jina lake kamili. Ameandika jina la ubatizo tu. Mtu anamkabidhi mwenzake gari na hajui, au hajali, anaitwa nani.

Sasa, tulilinda tulichokabidhiwa au tumekuwa wenye mali? Kwa sheria sina uwezo wa kujibu, nimemuuliza mwanasheria mmoja wa kwetu humu na bado anasoma. Kama mwanahistoria naona kwamba mirija ni ya Kasenga, bashi ni la fundi cherehani wa hapa, mipira niliweka mimi. Lakini neno "confie" bado lipo, na sikutaka kulificha. Nilimpigia picha mnunuzi, barua na injini, nikamweleza yote.

Amejibu juzi. Juu ya barua hakusema kitu. Amepunguza bei, kwa sababu injini "si ya asili". Mdogo wangu alisoma ujumbe, akauliza bei imebaki ngapi. Baba mukubwa akauliza kama huyo mutu amewahi kuona trakta. Jibu hatujampa. Mvua za Novemba ziko karibu na bashi limepasuka upande wa dereva, kwa hiyo Jumamosi tunalishona kwanza.