Kwa nini ada ya leseni hulala miaka mingi, kisha ikaamka kwa kishindo

Swali hili hunijia kutoka kwa wavuvi wa Ziwa Kitangiri, na pia kutoka kwa wanaoishi upande wa Itigi, jirani na Pori la Akiba Rungwa. Ada ya leseni hukaa palepale miaka na miaka, halafu siku moja unaambiwa imepanda mara dufu. Nani kaamua, na kwa hesabu gani? Jibu liko kwenye historia, kwa hiyo leo tuache mbegu na mbolea kidogo.

Leseni ya kuwinda ni ya zamani kuliko shilingi yetu. Mwaka 1896 Gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri kwamba hakuna kuwinda bila leseni. Kabla ya hapo mtu aliwinda kwa mila za kwao. Sasa alitakiwa karatasi, na karatasi ililipiwa kwa rupia. Mwaka 1898 ikaja kodi ya kibanda, nayo kwa rupia. Mwenye upinde na mishale asiye na rupia akageuka mvunja sheria katika pori alilozaliwa. Waingereza waliendeleza mtindo huo kwa sheria ya 1921 na nyingine ya 1951. Baada ya uhuru tukatunga zetu: Sheria ya Uvuvi Na. 6 ya 1970 na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 12 ya 1974. Zinazotumika sasa ni Na. 22 ya 2003 kwa uvuvi na Na. 5 ya 2009 kwa wanyamapori.

Hapa ndipo pa kuangalia. Viwango vya ada huwekwa kwenye kanuni ambazo waziri anasaini na kutangaza katika Gazeti la Serikali. Asiposaini mpya, tarakimu ya zamani inabaki, hata kama bei ya debe la mahindi imepanda mara kumi.

Na bei zilipanda kweli. Wazee wanaikumbuka miaka ya 1980, sabuni ikipangiwa foleni. Mfumuko wa bei ulizunguka asilimia 30 kwa mwaka, maana yake bei ziliongezeka maradufu kila baada ya takribani miaka mitatu. Dola moja iliyokuwa karibu shilingi 8 mwanzoni mwa muongo ilifika shilingi 17 mwaka 1984, na 40 mwaka 1986. Tuchukue mfano wa ada ya shilingi 100: ilikuwa na thamani ya dola 12 na ushee, ikaishia dola mbili na nusu, na hakuna aliyeigusa.

Serikali ilijikinga kwa upande mmoja. Uwindaji wa kitalii, uliopigwa marufuku mwaka 1973 na kufunguliwa tena 1978, ulikuja kutozwa kwa dola. Mwananchi akabaki na shilingi. Lakini hata dola haikutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kitalu cha kuwindia kililipiwa dola 7,500 kwa mwaka, kiwe kizuri au kibovu, na waliovipata waliweza kuvikodisha kwa wengine kwa bei ya juu zaidi. Baadaye vitalu vikapangwa kwa madaraja, kila daraja na bei yake. Kwa maoni yangu hicho ndicho kisa cha kujifunzia: ada ikilala, faida haiendi kwa maskini, inakwenda kwa mtu wa kati.

Je, basi ipande kila mwaka kulingana na mfumuko? Kwa mwenye kitalu, sioni ubaya. Kwa mvuvi wa mtumbwi mmoja naenda polepole. Mfumuko ni wastani wa nchi nzima, na kipato cha Singida hakifuati wastani. Msimu wa 2022/2023 bei ya alizeti ilianguka huku bidhaa za dukani zikipanda. Samaki nao hupungua ziwa likikauka, na leseni haijui kama ziwa limekauka.

Kwa hiyo ukisikia ada mpya, piga hesabu mwenyewe. Mfumuko wa asilimia 4 kwa miaka kumi hugeuza shilingi 20,000 kuwa kama 29,600. Ukiambiwa 30,000, hiyo ni kufidia tu. Ukiambiwa 60,000, hilo ni ongezeko halisi, na una haki ya kuuliza linaleta nini: doria dhidi ya makokoro, au mwalo wenye choo na kivuli? Uliza kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya diwani, na omba kuonyeshwa namba ya tangazo la Gazeti la Serikali. Lipa kwa namba ya malipo ya serikali pekee, na stakabadhi itunze pamoja na leseni. Kiwango kisicho na tangazo, usikilipe hadi uonyeshwe.