Kanzidata

Kanzi ni hazina, mali iliyotunzwa. Kutoka hapo tukapata kanzidata. Jina hilo lina wajibu wake. Ili kuuona wajibu huo, mtazame bakteria Escherichia coli, mkazi wa utumbo wetu: jenomu yake, iliyochapishwa mwaka 1997, ina jeni takriban 4,300 za kutengeneza protini. Anapojigawa, protini FtsZ hujipanga kuwa pete katikati ya seli, nayo FtsA huishikiza kwenye utando. Kanzidata ya mahusiano ya protini huandika kila jozi ya namna hiyo pamoja na jaribio lililoithibitisha. Pasipo ushahidi huo, hubaki rundo la majina. Waandishi wenzangu, tusiite kila orodha kanzidata. Neno hili tuliwekee data iliyopangwa, inayotafutika na yenye uthibitisho.