Histeria na wasichana wa Kashasha

Pale Mwanjelwa, kwenye banda la fundi cherehani ninayempelekea nguo, mwaka jana kulizuka ubishi. Binti wa jirani yake, mwanafunzi wa bweni, alikuwa amerudishwa nyumbani pamoja na wenzake kadhaa. Walikuwa wanaanguka, wanalia, usiku wanapiga kelele.

"Mapepo hayo," alisema fundi bila kuinua macho.

Mteja mmoja, mama mtu mzima ambaye ni muuguzi mstaafu, akamjibu taratibu, "Hapana mwanangu, hiyo ni histeria."

"Histeria ndiyo nini, mama?"

Mama akafikiri kidogo. "Ni ile hali ya mtu kuzidiwa na hisia mpaka hajimudu."

Fundi akacheka. "Sasa si ndiyo mapepo hayo hayo?"

Niliondoka na suruali yangu, lakini swali la fundi sikuliacha pale. Je, neno la Kiingereza lilikuwa limeeleza kitu, au lilikuwa limevaa koti jeupe tu?

Wazungu wenyewe walilitoa neno hilo kwa Wagiriki. Mzizi wake ni *hystera*, yaani mfuko wa uzazi. Wagiriki wa kale waliamini mfuko huo unaweza kuhamahama mwilini na kumkaba mwanamke pumzi. Kwa hiyo tangu mwanzo neno lilikuwa na jinsia: ni ugonjwa wa wanawake, na chanzo chake ni uanauke wenyewe.

Hata hivyo, tusilihukumu haraka. Mwaka 1602 jijini London, bikizee mmoja aitwaye Elizabeth Jackson alishtakiwa kumroga Mary Glover, binti wa miaka 14 aliyekuwa anapatwa na degedege. Daktari Edward Jorden alisimama mahakamani akasema huu si uchawi, ni maradhi. Hakusikilizwa, na bibi akatiwa hatiani. Mwaka uliofuata Jorden akachapisha kijitabu kuutetea msimamo wake. Sisi tunaoishi katika nchi ambamo vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu tunaelewa uzito wa hoja ile. Pale neno lilikuwa ngao ya mnyonge.

Miaka michache baadaye Shakespeare alimpa ugonjwa huohuo Mfalme Lear, mzee mwanamume, anayehisi kitu kinampanda kutoka tumboni kwenda moyoni. Halafu karne ya 19 daktari Jean-Martin Charcot akawa anawaonyesha wagonjwa wake wa kike mbele ya watazamaji katika hospitali ya Salpêtrière, Paris. Vita Kuu ya Kwanza ikawaletea madaktari wanaume kwa maelfu: askari wasioweza kusema, wanaotetemeka bila jeraha. Kwao likatafutwa jina jingine, mshtuko wa mabomu. Si rahisi kumwambia askari kwamba ana ugonjwa wa mfuko wa uzazi.

Sasa tuje nyumbani. Januari 30, 1962, Tanganyika ikiwa na wiki saba tu za uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka na hawakuweza kuacha. Kicheko kikageuka kilio, kisha kikarudi kicheko. Mpaka shule inafungwa Machi 18, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Walimu hawakuguswa. Wanafunzi waliporudishwa makwao, hali ikasafiri nao: katika kijiji cha Nshamba watu 217 walipatwa ndani ya miezi miwili. Kashasha ikafunguliwa Mei 21, wasichana wengine 57 wakapatwa, ikafungwa tena.

Madaktari wawili, Rankin na Philip, walichunguza na kuchapisha taarifa yao mwaka 1963. Hawakukuta sumu kwenye chakula wala kirusi. Hakuna aliyekufa. Wakahitimisha kuwa ni histeria ya umati.

Taarifa hiyo ina mambo mawili yanayonikaa kichwani. La kwanza ni kwamba waliandika pia majina ya wenyeji. Wahaya waliiita *enwara yokusheka*, ugonjwa wa kucheka, na wengine *akajanja*, wazimu. La pili ni kwamba baadhi ya wagonjwa walieleza hofu: walihisi kama kuna mtu anawakimbiza nyuma.

Hebu lisome tena hilo. Hawa hawakuwa wanafurahi. Walikuwa wanaogopa. Lakini leo ukilitafuta tukio hili, utalikuta kwenye orodha za vioja vya dunia: Waafrika waliocheka mpaka shule zikafungwa. Dunia ilichukua kicheko, hofu ikaiacha Bukoba. Watafiti wa baadaye, kama Christian Hempelmann, ndio waliosisitiza kwamba hiki hakikuwa kicheko cha kuchekeshwa bali dalili ya msongo, wa watoto waliobanwa kati ya sheria kali za bweni na matarajio makubwa ya nyumbani.

Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliliondoa neno histeria kwenye mwongozo wao wa magonjwa. Mtaani limebaki, na limebaki kama tusi la kistaarabu: mwanamke akilalamika kwa sauti, eti ana histeria.

Kiswahili chetu kina njia yake. Hatusemi mtu *ana* jazba tu, tunasema *amepandwa* na jazba, amepandwa na munkari. Mapepo nayo hupanda. Kitu kimetoka mahali kikamkalia mtu. Sarufi hiyo ina huruma, maana haimlaumu aliyepandwa. Ila ina hatari yake: ukishasema kimetoka nje, utaanza kumtafuta aliyekituma, na mara nyingi atapatikana bibi mmoja asiye na mtetezi. Histeria ilikuja kumwondolea bibi lawama, ikambebesha binti. Kila neno lilimalizia pale ambapo maswali yangepaswa kuanza.

Wiki mbili baadaye nilirudi kwa fundi, nikamuuliza yule binti anaendeleaje.

"Yupo nyumbani. Ameombewa, na hospitali amepelekwa."

"Mwenyewe anasemaje?"

Fundi akasimamisha cherehani. "Mwenyewe?" Akaniangalia. "Hilo sijui, kaka. Sijasikia kama kuna mtu kamuuliza."

Nami siku ile nilikuwa nimekaa palepale, nikisikiliza ubishi wa majina mpaka mwisho, bila kuuliza.