Dalili za Mwanzo za Korona, na Hukumu ya Mwenye Nazo Kuhudhuria Jamaa



Baadhi ya wazee wa Unguja na Pemba wana watoto wanaofanya kazi au biashara Musoma, Bunda na Butiama. Wanauliza: kijana akipata homa huko, atajuaje kuwa ni korona?

Ugumu ni kuwa mkoa wa Mara uko kando ya Ziwa Victoria na malaria huko ni jambo la kawaida. Mtu akipandwa na homa humeza dawa ya mseto, akasubiri. Hilo ndilo kosa. Malaria aghalabu huja na baridi ya kutetemesha, kisha joto, kisha jasho. Korona nayo huleta homa, uchovu na kuumwa kichwa, lakini mara nyingi pamoja na kikohozi kikavu, koo kuwasha na mafua. Wengine hupotewa na harufu ghafla, hata karafuu akainusa asiisikie. Wapo wasiopata homa kabisa. Dalili hujitokeza ndani ya siku 14 tangu kuambukizwa.

Basi apimwe, asimeze dawa kwa kukisia. Na kipimo kikionesha malaria asijiaminishe, kwani maradhi mawili haya huweza kumkuta mtu kwa pamoja.

Wanaozidiwa, mara nyingi huzidiwa baada ya wiki moja, jamaa wakiwa wameshatulia. Pumzi ikiwa fupi, kifua kikabana, akachanganyikiwa au midomo ikageuka rangi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Ya rufaa ya mkoa iko Musoma. Wazee na wenye kisukari au presha wasingoje kufika hapo.

Ama hukumu, mwenye dalili hizi asihudhurie jamaa wala Ijumaa. Ataswali adhuhuri nyumbani. Mtume (S.A.W.) alimzuia aliyekula thomu asikaribie msikiti, na hiyo ni harufu tu. Maradhi yanayoua ni aula zaidi.

Vilevile alikataza kutoka katika mji ulioingiwa na tauni. Mgonjwa wa kwanza kutangazwa Tanzania, tarehe 16 Machi 2020, alikuwa msafiri aliyeingia kutoka Ubelgiji. Kwa hivyo kijana mwenye dalili asipande basi la Dar es Salaam kisha boti ili aje kuuguzwa na mama yake. Najua ni zito kwa mama. Atibiwe huko huko, na asisafiri mpaka daktari amruhusu.

Wallaahu a'lam.