Kipande cha Kazi na Kompyuta ya Ofisi

Kila chombo cha kazi huzaa sheria yake. Jembe lilizaa yake, kalamu ikazaa yake, na kompyuta nayo imezaa yake. Lakini sheria haiwi ya haki kwa sababu tu mwenye chombo ndiye aliyeitunga. Ushahidi wa neno hili umo katika milima ya Usambara.

Lushoto ilipokuwa ikiitwa Wilhelmstal, chini ya utawala wa Wajerumani, palitolewa amri katika muongo wa kwanza wa karne ya 20 iliyowalazimu wanaume wa Kisambaa kuchukua kipande cha kazi. Mwenye kipande alitakiwa kumtumikia Mzungu siku 30 katika kila miezi 4, na asiyetimiza aliweza kushikwa kwa kazi za serikali. Kipande kilimshuhudia mtu, lakini yeye hakuwa na kauli juu ya ushahidi huo.

Mwaka 1946 Waingereza walianzisha Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, ukaenezwa baadaye katika Usambara. Nia haikuwa mbaya, maana mvua ilikuwa ikiuchukua udongo wa miteremko. Hata hivyo wakulima waliamriwa kuchimba matuta bila ridhaa yao, mzigo ukawaelemea hasa wanawake, na waliokaidi walishtakiwa. Upinzani ulikuwa mkubwa, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru wa 1961. Amri ya kwanza ilikosa haki katika shabaha. Ya pili ilikosa haki katika njia.

Leo Lushoto ni makao ya Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Karani asomaye huko huenda kutumika mahali ambapo mashauri husajiliwa kwa kompyuta. Kompyuta hiyo yaweza kuwa kipande cha namna mpya: hukumbuka saa aliyoingia, jalada alilofungua na barua aliyopeleka. Mwajiri ana wajibu wa kulinda siri za wadaawa, wala karani hana ruhusa ya kupekua shauri la jirani yake kwa udadisi. Lakini Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya faragha ya nafsi na mawasiliano yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yataka taarifa zikusanywe kwa kusudi lililo bayana na halali.

Kwa hiyo kanuni za ofisi hazina budi kuwa na nguzo nne. Mfanyakazi aambiwe mapema kinachoandikwa juu yake. Kinachoandikwa kisizidi haja ya kazi. Aruhusiwe kukisoma na kukisahihisha. Na kanuni imfunge mkubwa kama imfungavyo mdogo, baada ya wote kushauriwa. Maana penye wengi hapaharibiki neno. Ofisi itakayozipuuza nguzo hizi itapata utii wa hofu, na Mlalo ilikwisha kuonyesha jinsi utii huo usivyodumu.