Zahanati ya Kale ya Unguja

Huko Mizingani, mjini Unguja, limesimama jumba lenye roshani za mbao zilizotiwa nakshi, nalo limeelekea bahari. Watu huliita Zahanati ya Kale, ijapokuwa dawa hazitolewi humo tena. Ajabu ya jina hilo ni kwamba hata aliyelianzisha hakukusudia zahanati.

Mwanzilishi huyo ni Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyepata kusimamia ushuru wa forodha wa Unguja. Mwaka 1887, Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 ya utawala, aliweka jiwe la msingi la hospitali. Alifariki mwaka 1891 kabla jengo halijakwisha. Mjane wake akaiendeleza kazi mpaka ikatimia mwaka 1894. Hata hivyo hospitali haikuwako. Mwaka 1900 jumba lilinunuliwa kwa mali ya tajiri mwingine, Haji Nasser Nurmohamed, ikafunguliwa zahanati ya sadaka chini, na ghorofa za juu zikagawanywa kuwa makazi. Hivyo wema uliokusudiwa na mmoja ulitimizwa, kwa sehemu, na mwingine.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 jumba lilikosa mtunzaji. Yafaa tukumbuke ya kuwa nyumba za Mji Mkongwe hujengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Paa likivuja, maji hushuka ukutani, chokaa hulegea, na ncha za boriti huoza mahali ziliposhikwa na ukuta. Nyumba isiyo na kazi haina wa kupanda darini kuziba tundu. Jirani yake, Beit el-Ajaib, ilibomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020, tukaona usemi wa ufa na ukuta si wa maneno tu.

Zahanati iliwahiwa. Mwaka 1990 Serikali iliikabidhi kwa taasisi ya Aga Khan ya utamaduni, nayo ikaitengeneza ikawa kituo cha utamaduni. Kazi mpya ndiyo iliyoliokoa jumba. Lakini mwanahistoria hana budi kuuliza pia: nani aingia sasa? Mlango ule uliwahi kufunguliwa mgonjwa asiye na fedha. Tukihifadhi nakshi tukasahau jambo hilo, tutakuwa tumetunza kuta, tukaipoteza nia iliyozisimamisha.