St Helena: kisiwa cha Napoleon, cha Sayyid Khalid, na cha wasio na majina

Haya wadau, mitihani imekwisha, hosteli imebaki tupu na bumu limeshakata kitambo. Kabla sijapanda basi la nyumbani nimejichimbia maktaba siku tatu nikisoma habari za kisiwa kimoja tu, St Helena. Nauli ya kwenda huko sina, lakini kusoma ni bure. Tuanze basi.

St Helena iko katikati ya Atlantiki ya kusini, kama kilomita 1,900 kutoka pwani ya Angola, na ni mali ya Uingereza. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 122, yaani Unguja inakimeza kisiwa chote zaidi ya mara kumi. Watu wake ni elfu nne na kitu. Ndege za abiria zilianza ratiba ya kwenda huko mwaka 2017. Kabla ya hapo ilikuwa meli kutoka Cape Town, siku tano hivi baharini. Sasa unapanda ndege Johannesburg.

Mwenye nguvu za miguu atafurahi. Mjini Jamestown kuna ngazi moja inapanda mlimani moja kwa moja, vidato 699, bila kona! Kuna njia za kutembea porini, na mwisho wa kila njia kuna kisanduku chenye mhuri wa kugonga kwenye daftari lako kama ushahidi kwamba umefika. Kilele cha Diana's Peak kina zaidi ya mita 800, na kule juu kuna msitu wa ukungu wenye mimea isiyoota mahali pengine popote duniani. Mingi ilifyekwa ili ipandwe mimea ya nyuzi kutoka New Zealand, biashara ya kamba na magunia ya barua. Biashara hiyo ilikufa mwaka 1966, mimea ikabaki. Watu wa Tanga hadithi ya nyuzi wanaijua. Na yule samaki mkubwa ambaye Mafia tunamwita potwe, huko naye hufika, wageni wanaogelea naye.

Halafu kuna kobe anaitwa Jonathan. Aliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1882, akiwa tayari mkubwa. Kobe wa Changuu pale Zanzibar nao asili yao ni huko huko Shelisheli.

Ila wageni wengi wanakwenda kwa sababu ya mtu mmoja, Napoleon. Waingereza walimfikisha Oktoba 1815, akafa tarehe 5 Mei 1821 katika nyumba ya Longwood. Mwaka 1840 Wafaransa wakaja kuuchukua mwili. Nyumba na kaburi tupu Ufaransa imevinunua na inavitunza mpaka leo. Sasa sikilizeni hili: jiwe la kaburi lile halina jina. Wafuasi wake walitaka liandikwe "Napoleon" tu, kama mfalme, gavana Mwingereza akataka na "Bonaparte" iongezwe, kama mtu wa kawaida. Hawakuelewana, jiwe likaachwa wazi.

Waingereza walikiona kisiwa kinafaa kwa kazi ya kifungo. Mwaka 1890 wakampeleka Dinuzulu, mfalme wa Wazulu, akakaa mpaka 1897. Kati ya 1900 na 1902 wakawajaza mateka Makaburu kwa maelfu. Na mwaka 1917 akafika wa kwetu, Sayyid Khalid bin Barghash. Ndiye yule aliyeingia jumba la Sultani Unguja Agosti 1896, na tarehe 27 mizinga ya Waingereza ikalivunja jumba kwa muda usiofika saa moja. Watu kama 500 walikufa au kujeruhiwa. Khalid akakimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani. Tarehe 2 Oktoba maji yalipojaa, mashua ya Wajerumani ikafika mpaka kwenye geti la ubalozi, akapanda bila mguu wake kugusa ardhi ya Unguja. Akaishi Dar es Salaam mpaka Waingereza walipomkamata mwaka 1916. St Helena alikaa hadi 1921, akahamishiwa Shelisheli, na mwisho akaruhusiwa kurudi Mombasa, akafa huko mwaka 1927. Vita vile "vifupi kuliko vyote" tunavisimulia kama kichekesho, kumbe mwenyewe aliburutwa na matokeo yake miaka thelathini.

Hata hivyo Khalid ana jina. Nenda sasa bonde la Rupert's, jirani na Jamestown. Kuanzia 1840 jeshi la majini la Uingereza lilikuwa likikamata meli za watumwa zilizokuwa zikielekea Brazil na Cuba, na zilizokamatwa zikaletwa hapa. Waafrika kama 27,000 walishushwa kisiwani. Waliitwa "waliokombolewa". Lakini walishuka wakiwa na ndui, kuhara damu na njaa, wakawekwa bondeni kwenye mahema. Wanaokadiriwa kuwa 8,000 walikufa na kuzikwa humo. Waliopona, wengi walisafirishwa tena kwenda kufanya kazi Jamaica, Trinidad, Guyana na Cape, na kwao hawakurudishwa. Sasa huo ukombozi ni ukombozi gani?

Mwaka 2008, wakati wa kutayarisha barabara ya kupitishia vifaa vya kujengea uwanja wa ndege, wanaakiolojia walifukua mifupa ya watu 325. Wengi walikuwa watoto na vijana. Baadhi walikuwa bado na shanga zao. Mifupa ikawekwa ghalani Jamestown, ikakaa humo mpaka Agosti 2022 ndipo ikazikwa upya bondeni. Miaka kumi na minne ghalani, jamani! Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2023, wa watu 20 kati yao, ulionyesha asili yao ni kati ya Angola ya kaskazini na Gabon.

Hapo ndipo ninapotaka kufikia. Kaburi la Napoleon halina jina kwa sababu wakubwa wawili waligombania cheo chake, na bado lina walinzi wa kulitunza. Makaburi ya Rupert's hayana majina kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuuliza, na tulikumbushwa kwamba yapo kwa sababu watalii walihitaji uwanja wa ndege. Kwa hiyo wewe mwenye nauli, panda ngazi, ogelea na potwe, msalimie kobe. Longwood nenda pia. Lakini bondeni uanze kushuka, hata kabla hujagonga mhuri wa kwanza.